"Ametuonea": Sarufi ya Lawama na Sanaa ya Malumbano katika Vijiwe vya Soka vya Singida

Ikisiri

Makala haya yanahakiki malumbano ya mashabiki wa soka kuhusu maamuzi yenye utata kama kipera cha fasihi simulizi ya Kiswahili chenye kanuni zake. Mifano inatokana na matukio mawili: bao la Yanga lisilokubaliwa jijini Pretoria mwaka 2024 na bao la Simba lililofutwa Zanzibar mwaka 2025. Matukio hayo yanatazamwa kutoka Singida, mkoa ambao mashabiki wake wamegawanyika baina ya klabu hizo mbili na timu zenye jina la mkoa wenyewe. Makala yanadai kwamba malumbano haya yamejengwa juu ya mnyambuliko wa kitenzi "ona", kwamba ubora wake hupimwa kwa uwezo wa mlumbi kuyageuza maneno ya mpinzani wake, na kwamba yana udhaifu ambao mhakiki hana budi kuutaja. Mwisho, yanapendekeza kwamba malumbano ya watani yachambuliwe kwa makini kama yanavyochambuliwa majibizano ya kishairi.

1.0 Utangulizi

Tarehe 5 Aprili 2024, katika uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, mkwaju wa Stephane Aziz Ki wa Yanga uligonga mwamba wa juu, ukadunda chini penye mstari wa goli, kisha ukarudi uwanjani. Mwamuzi hakuamuru bao, wala hakwenda kuitazama picha mwenyewe kwenye runinga ya pembeni mwa uwanja. Mchezo huo wa marudiano wa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika uliisha bila bao, kama ulivyoisha ule wa kwanza jijini Dar es Salaam, na Mamelodi Sundowns wakasonga mbele kwa mikwaju ya penalti 3-2. Tarehe 25 Mei 2025 ikawa zamu ya Simba. Katika uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwenye marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco, Simba ilikuwa inaongoza 1-0 na ilihitaji bao jingine ili kusawazisha matokeo ya jumla. Steven Mukwala alilifunga. VAR ikalifuta kwa sababu ya kuotea. Berkane walisawazisha katika dakika za nyongeza na kutwaa kombe kwa jumla ya mabao 3-1.

Kuhusu matukio haya mawili kumesemwa mengi, na sehemu kubwa ya yaliyosemwa imepita na upepo. Wachambuzi wa redioni waliyajadili kama masuala ya sheria za mchezo; mashabiki waliyajadili kama masuala ya haki. Kwa mhakiki wa fasihi kuna swali la tatu, nalo halijaulizwa vya kutosha: je, namna mashabiki walivyoyajadili ina umbo? Mjini Singida, kama katika miji mingine ya Tanzania, mabishano hayo yalifanyika mbali na viwanja vyenyewe, katika vibanda umiza, kwenye maegesho ya bodaboda, kwenye vijiwe vya kahawa na mbele ya meza za magazeti. Anayesikiliza kwa mara ya kwanza husikia kelele. Anayesikiliza kwa muda mrefu hutambua zamu, ufunguzi, kilele, na sentensi ambazo kila mtu amekwisha kuzisikia lakini bado anazingoja.

Misemo inayojadiliwa hapa ni ile ya jumla, ambayo msomaji yeyote anayekijua Kiswahili cha soka ataitambua. Haikunukuliwa kutoka kwa mtu mmoja, wala haidaiwi kuwa ya Singida peke yake. Singida imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mkoa wa lugha nyingi zilizo mbalimbali: Kinyaturu, Kinyiramba na Kinyisanzu ambazo ni za Kibantu, Kitaturu cha jamii ya Kiniloti, na Kihadzabe cha upande wa Mkalama. Mabishano ya kijiweni huwakutanisha wasemaji wa lugha hizi katika Kiswahili, na kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachotoa kanuni za mchezo. Pili, shabiki wa Singida yuko katika nafasi ya pekee kuhusu neno "sisi", kama tutakavyoona katika sehemu ya tano.

2.0 Malumbano kama Utanzu

Katika makala yake maarufu ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, M. M. Mulokozi aliyataja malumbano ya watani miongoni mwa vipera vya mazungumzo, akasisitiza pia kwamba fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Uainishaji huo umekaririwa katika vitabu vingi vya kiada. Hata hivyo, mara nyingi malumbano yamebaki kuwa jina katika orodha. Ngano imepata wachambuzi wa muundo, methali imepata wachambuzi wa maana, ushairi umepata wachambuzi wa kila kitu. Malumbano yametajwa, yakapitwa.

Kupitwa huku kunashangaza tukikumbuka jinsi mapokeo ya Kiswahili yalivyojengwa juu ya kujibizana. Katika karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana beti na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa ikipigana. Mwanzoni mwa karne ya 20, ngoma ya beni ilizigawa mitaa ya pwani na miji mingi ya bara baina ya Marini na Arinoti, makundi ambayo yalishindana kwa mavazi, gwaride na nyimbo za kubezana. Katika miaka ya 1990, mipasho ya taarabu iliwafanya TOT na Muungano kuwa na mashabiki waliokaa pande mbili za ukumbi mmoja. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, ni za ukoo huo. Si ajabu kwamba Kiswahili kimeziita klabu hizi "watani wa jadi", kwa neno lilelile linalotumika kwa makabila yaliyoruhusiana kutaniana hadi msibani. A. R. Radcliffe-Brown, alipoandika kuhusu utani mwaka 1940, aliuona kuwa uhusiano ambamo mtu huruhusiwa kumkosea mwenzake adabu na mwenzake hulazimika kutokasirika. Ruhusa na sharti hilo ndiyo mipaka ya kijiwe.

Kuna ndugu mwingine wa karibu wa kulinganisha naye. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma, mkoa jirani na Singida, ndiye aliyeijenga na kuieneza ngonjera kama utanzu wa kishairi wa kujibizana. Katika ngonjera, wahusika wawili huanza wakiwa mbalimbali, mmoja akiwa na ujinga au ukaidi na mwenzake akiwa na elimu, kisha hujibizana ubeti kwa ubeti mpaka wakafikia muafaka. Malumbano ya kijiweni yana zamu kama za ngonjera, yana pande mbili kama za ngonjera, lakini hayana muafaka. Hakuna shabiki wa Simba aliyewahi kusimama mbele ya wenzake na kutangaza kwamba sasa ameelewa: mpira wa Aziz Ki ulivuka mstari. Hata akiamini hivyo nyumbani kwake, kijiweni hasemi. Malumbano huahirishwa, hayamalizwi. Tofauti hii ya umbo inatupa onyo la kihakiki: tukiyapima malumbano kwa kipimo cha ngonjera, yaani kwa ukweli unaofikiwa mwishoni, tutayaona kuwa yameshindwa. Yanahitaji kipimo chake.

3.0 Kutoka Kuona hadi Kuonewa

Sentensi ya msingi ya shabiki aliyepoteza mchezo ni moja: "Refa ametuonea." Tunaisikia mara nyingi kiasi kwamba hatuichunguzi. Kimofolojia ni rahisi. Mzizi ni "-on-", wa kitenzi "ona". Kiambishi cha utendea kinatupa "onea", na kiambishi cha utendwa kinatupa "onewa". Kutoka hapo tunapata nomino "uonevu" na "mwonevu". Kitenzi "onea" kikifuatwa na nomino ya hisia huwa na maana nyingi: kumwonea mtu huruma, kumwonea wivu, kumwonea haya. Kikisimama peke yake, maana hubaki moja: kumtendea mtu yasiyo ya haki.

Jambo la kuvutia ni kwamba ugomvi wenyewe unahusu kuona. Kwa mujibu wa kanuni ya 10 ya sheria za mchezo, bao ni halali pale mpira wote unapovuka mstari wa goli baina ya nguzo na chini ya mwamba. Swali la Pretoria lilikuwa la jicho: nani aliuona mpira, na aliuonaje? Kwa hiyo sentensi za mashabiki huzunguka katika mnyambuliko mmoja. "Refa hakuona." "Mpira ulionekana umeingia." "Picha imeonyesha." "Nimejionea mwenyewe." "Ametuonea." Vitenzi vitano, mzizi mmoja. Hakuna aliyekaa akapanga ulinganifu huu. Lugha yenyewe imeuweka mezani, na walumbi wanautumia.

Tuzilinganishe sentensi mbili za mwisho. "Nimejionea" na "ametuonea" zina kauli ileile ya utendea. Kinachotofautiana ni kiambishi cha nafsi na cha mtendwa: "ji" ya kujirejea katika ya kwanza, "tu" katika ya pili. Mtu anayejionea ni shahidi. Mtu anayewaonea wenzake ni dhalimu. Shabiki anaposema "nimejionea mwenyewe kwamba ametuonea", anatoa ushahidi na kutoa hukumu kwa kitenzi kimoja. Sidai kwamba hii ndiyo historia ya neno "onea". Hilo ni suala la wanaisimu historia. Ninachodai ni cha kihakiki: katika muktadha huu maana mbili za neno huamshana, na nguvu ya sentensi hutokana na kuamshana huko. Jicho lililopaswa kuona ndilo lililoonea.

Msamiati mwingine wa soka la Kiswahili una tabia kama hiyo ya kuupa uamuzi wa kiufundi uzito wa kimaadili. Kosa lililolifuta bao la Mukwala huitwa "kuotea". Kuotea ni kuvizia, kama mwindaji anavyomwotea mnyama. Katika mazungumzo ya mitaani ni pia kubahatisha. Sheria za mchezo zinajali mahali alipo mchezaji na namna anavyoshiriki katika mchezo. Hazimuulizi kama alikusudia kuvizia. Neno la Kiswahili linamuuliza. Ndiyo maana shabiki wa Simba huhisi kwamba mshambuliaji wake ameshtakiwa kwa ujanja asioufanya, na shabiki wa Yanga hupata mwanya wa kusema, "Nyie kuotea ni jadi yenu," akiwa na maana mbili kwa pamoja. Vivyo hivyo "kunawa", neno la kosa la kugusa mpira kwa mkono, humgeuza beki kuwa mtu aliyenawa mikono hadharani.

Kinyume cha "kuonewa" ni "kubebwa". Timu iliyopendelewa imebebwa, tena kwa mbeleko, kama mtoto mgongoni kwa mamaye. Sitiari hii ni kali kwa sababu haimtukani refa peke yake. Inamtukana mshindi, inamfanya mchanga asiyeweza kutembea. Jibu lake limekuwa la kawaida mitaani: "Ukibebwa, bebeka." Anayejibu hivyo hakanushi kubebwa. Anaikubali mbeleko, kisha anadai kwamba hata kubebeka ni ustadi, maana kuna watoto wanaoanguka. Tazama jinsi kauli ya kutendeka, "bebeka", inavyomwondoa mtendaji na kuurudisha uwezo kwa aliyebebwa. Huu ni ubunifu wa kisarufi, na hadhira hucheka kwa sababu imeuelewa.

4.0 Mgeuko: Pretoria na Zanzibar

Ikiwa malumbano hayapimwi kwa ukweli unaofikiwa, yapimwe kwa nini? Ninapendekeza kipimo cha mgeuko, yaani uwezo wa mlumbi kuyatwaa maneno ya mpinzani na kuyatumia dhidi yake bila kuyabadili, au kwa kuyabadili kidogo tu. Matukio ya 2024 na 2025 yanatupa nafasi adimu ya kukitumia kipimo hiki, kwa kuwa katika muda wa miezi kumi na mitatu pande mbili zilibadilishana viti.

Mwaka 2024 mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa Yanga. Hoja za Wananchi zilikuwa tatu: kwamba picha inaonyesha mpira umevuka, kwamba mwamuzi angekwenda kujionea mwenyewe kwenye runinga, na kwamba timu za kusini na kaskazini mwa Afrika hubebwa. Upande wa Simba ulijibu kwa utulivu wa mtu asiyeumia: mwamuzi ndiye mwenye mamlaka, teknolojia haina ushabiki, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo ya mwisho ilifanya kazi kubwa. Methali katika malumbano haitolewi kama hekima ya jumla. Hutolewa kama kufuli. Ikishasemwa, anayeendelea kulalamika anajithibitisha kuwa si mshindani.

Mwaka 2025 kufuli lilihamishwa mlango. Sasa ilikuwa Simba iliyosema kwamba picha haikutosha na kwamba waarabu wa kaskazini hubebwa. Ilikuwa pia na malalamiko ya ziada: mchezo wenyewe ulihamishwa kutoka uwanja wa Benjamin Mkapa kwenda Zanzibar, na Yusuf Kagoma, kiungo ambaye Singida inamkumbuka tangu alipokuwa Singida Fountain Gate, alitolewa kwa kadi nyekundu katika kipindi cha pili. Upande wa Yanga haukuhitaji kutunga jambo jipya. Ulirudisha yaleyale: teknolojia haina ushabiki, mwamuzi ndiye mwenye mamlaka, asiyekubali kushindwa si mshindani. Mara nyingine uliongeza methali ya kutilia muhuri: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hapa ndipo sanaa inapojitokeza. Mlumbi dhaifu hurudisha methali na kuishia hapo. Mlumbi bora hutafuta tofauti baina ya matukio mawili, maana hayafanani. La Pretoria lilikuwa bao ambalo mwamuzi hakulitoa na mashine haikumwita aende kulitazama. La Zanzibar lilikuwa bao lililotolewa, likashangiliwa, kisha likanyang'anywa. Kiswahili kina vitenzi viwili kwa hali hizi: "kunyimwa" na "kunyang'anywa". Aliyenyimwa hakuwahi kushika. Aliyenyang'anywa alikuwa nacho mkononi. Shabiki wa Simba akishikilia tofauti hii anaweza kuuvunja mgeuko: ninyi mlinyimwa, sisi tumenyang'anywa, na machungu si mamoja. Shabiki wa Yanga mwenye ufundi atajibu kwamba kinachonyang'anywa mwizi hakiitwi kunyang'anywa, huitwa kurudishwa kwa mwenyewe. Hoja mbili hizo zimesonga mbele ya methali. Zimeuchambua msamiati wa haki kwa undani ambao mwanafunzi wa semantiki angejivunia. Na zimefanya hivyo bila yeyote kati yao kukubali chochote kuhusu mpira wenyewe.

Tunaona basi kwamba zile hoja tatu za kulalamika na zile tatu za kujibu si mali ya upande wowote. Ni nafasi mbili zilizokwisha tengenezwa, ya mwonewa na ya mshauri wa subira, na kila timu hukalia moja kulingana na matokeo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Hili halimaanishi kwamba mashabiki ni wanafiki. Mwigizaji anayecheza mfalme leo na mtumwa kesho hatumwiti mnafiki. Linamaanisha kwamba malumbano yana majukumu kabla ya kuwa na wahusika, kama ilivyo katika tanzu nyingine zote.

5.0 "Sisi" ya Singida

Nafsi ya kwanza wingi ndiyo mhimili wa ushabiki. Mtu ambaye hajawahi kuugusa mpira husema "tumefunga". Mambo yakiwa mabaya, kiambishi huyumba: "tumefungwa" ya shabiki mwaminifu, "wamefungwa" ya shabiki anayetaka kujitenga na wachezaji, "mmefungwa" ya mtani. Mtu akikaa kijiweni kwa nusu saa anaweza kuyatambua makundi yote kwa viambishi vitatu tu.

Singida inaitatiza sarufi hii. Singida United ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2017/18, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018 na kufungwa 3-2 na Mtibwa Sugar jijini Arusha, kisha ikashuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2019/20. Mwaka 2022 ilikuja Singida Big Stars, iliyotokana na DTB. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate, kisha ikaliacha jina la mkoa na kuhamia Babati. Mwaka 2024 Ihefu, iliyotoka Mbarali mkoani Mbeya, ikawa Singida Black Stars. Uwanja wa Liti, ambao wenyeji wengi bado wanauita Namfua, umezipokea timu hizi kwa zamu. Majina yamebadilika, wenye timu wamebadilika, wachezaji wamebadilika. Kiambishi "tu" hakikubadilika. Anayesema leo "tulifungwa na Mtibwa" na "tumecheza na Yanga" anaziunganisha klabu mbili zisizo na undugu wa kisheria kwa herufi mbili.

Na huyohuyo, kwa uwezekano mkubwa, ni shabiki wa Simba au wa Yanga. Tarehe 29 Juni 2025, Yanga iliifunga Singida Black Stars 2-0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho uwanjani Amaan. Mwanasinginda aliye Mwananchi angesemaje? "Tumeshinda" ni kweli. "Tumefungwa" ni kweli. Kuzisema zote mbili katika pumzi moja ni kichekesho. Wapo wanaotatua tatizo kwa kugawa viambishi: "tu" kwa Yanga, "vijana wetu" kwa Singida. Katika ugawaji huo, timu ya nyumbani inageuka watoto, na klabu ya Dar es Salaam inabaki nafsi. Hili ni jambo la kusikitisha kidogo kwa mtu anayeipenda Singida, na watani wanalijua, ndipo hutoka swali la kijiweni lenye makali kuliko matusi yote: "Kwani wewe wa wapi?"

Mkanganyiko huu unaathiri lawama. Timu ya mkoa ikinyimwa penalti dhidi ya mojawapo ya klabu kubwa, mwonewa ni nani? Shabiki wa klabu kubwa ambaye ni mwenyeji wa Singida analazimika kuchagua baina ya "ametuonea" na "ukibebwa, bebeka". Wengi hukaa kimya. Ukimya huo unafaa kuhesabiwa kuwa sehemu ya malumbano, kama pumziko linavyohesabiwa katika ushairi. Unafichua kwamba lawama ya kawaida ya soka, ile ya Simba dhidi ya Yanga, ni rahisi kwa sababu pande zake zina nguvu sawa. Lawama ya mnyonge halisi, yaani timu ndogo ya bara isiyo na mashabiki redioni, haina sauti ya kutosha hata nyumbani kwake.

6.0 Kipenga na Mipaka ya Malumbano

J. L. Austin, katika mihadhara yake kuhusu kutenda kwa maneno iliyochapwa mwaka 1962, alimtumia mwamuzi wa michezo kama mfano wa msemaji ambaye kauli yake ni hukumu. Mwamuzi hatoi habari tu kuhusu bao. Uamuzi wake ndio unaoliingiza katika matokeo. Sheria za mchezo zinasema vivyo hivyo: maamuzi ya mwamuzi kuhusu yaliyotukia mchezoni, pamoja na kama bao limefungwa, ni ya mwisho. Kwa hiyo maneno mawili ya Kiswahili, "mwamuzi" na "refa", yanasimama katika nafasi tofauti. Mwamuzi ni mtu wa kuamua, na kuamua ni pia kuwatenganisha wanaopigana. Refa ni mtu wa kulaumiwa. Katika taarifa rasmi tunasoma "mwamuzi"; katika kilio cha shabiki tunasikia "refa".

Malumbano yanaanzia pale kipenga kilipoishia. Kwa kuwa hakuna rufaa itakayolirudisha bao, maneno hayawezi kubadili chochote, na kwa sababu hiyohiyo yako huru. Hapa ninatofautiana na wanaoyaona mabishano haya kuwa upotevu wa muda wa vijana. Ni mahali ambapo watu wasio na mamlaka hujizoeza kuhoji uamuzi uliokwisha kutolewa: kudai ushahidi, kutofautisha kunyimwa na kunyang'anywa, kuuliza kwa nini mwenye kuamua hakwenda kujionea. Maswali hayo si ya mpira peke yake. Mkulima wa alizeti anayebishania mizani ya mnunuzi anayahitaji maswali yayo hayo.

Hata hivyo, mhakiki asiwe shabiki wa utanzu wake. Malumbano yana ugonjwa mmoja unaoyaua, nao ni sentensi "refa amenunuliwa". Ubaya wake wa kisheria na wa kibinadamu uko wazi: inamshtaki mtu bila ushahidi, na waamuzi wamekuwa wakitukanwa, hata kutishwa, kwa ajili yake. Lakini ina ubaya wa kisanaa pia. Kila hoja nyingine katika malumbano inajibika. "Mpira ulivuka" inajibika, "amebebwa" inajibika, hata "ametuonea" inajibika kwa "hakuona". "Amenunuliwa" haijibiki, kwa kuwa inauhamisha ugomvi kutoka kwenye jicho linaloweza kujadiliwa hadi kwenye mfuko usioonekana. Mzizi "-on-" unakatwa. Anayeisema hahitaji tena picha, mstari wala shahidi, na mwenzake hana cha kugeuza. Kijiwe hutawanyika, au hugombana kweli. Hali kadhalika kauli za kulaumu watu kwa asili yao, kama ile ya "waarabu" iliyotajwa juu: zinapata kicheko cha haraka, lakini zinakiuka sharti la utani, kwa kuwa anayelengwa si mtani aliyepo awezaye kujibu. Utani ni kwa aliye na haki ya kurudisha.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba malumbano ya mashabiki kuhusu uamuzi wenye utata yana umbo linaloweza kuchambuliwa. Yana majukumu mawili yanayobadilishana wakaliaji, yana msamiati unaozunguka kitenzi "ona" na minyambuliko yake, yana methali zinazotumika kama makufuli, na yana kipimo cha ubora, ambacho ni mgeuko. Yanatofautiana na ngonjera kwa kukataa muafaka, na yanaharibika pale lawama inapoacha kujibika. Mfano wa Singida umeonyesha pia kwamba nafsi ya kwanza wingi, ambayo sarufi zetu huieleza kwa mstari mmoja, inaweza kubeba historia nzima ya timu zinazokuja na kuondoka, na uaminifu uliogawanyika wa watu wa mkoa mmoja.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Malumbano haya yanahitaji kurekodiwa kwa ridhaa ya washiriki, kwa zamu zake kamili, pamoja na vicheko na vimya vyake. Yanahitaji kulinganishwa na malumbano ya wanawake, ambao idadi yao katika viwanja na vijiwe inaongezeka, na ambao jadi ya mipasho imewapa silaha ambazo vijana wa vibanda umiza hawana. Yanahitaji pia kuchunguzwa katika lugha nyingine za mkoa: je, Kinyaturu na Kinyiramba vinaunganisha kuona na kuonea kama Kiswahili kinavyofanya, au mwonewa huko husema kwa mzizi mwingine kabisa? Jibu la swali hilo litatuambia kama shabiki wa Singida, anapoacha lugha ya nyumbani na kulumbana kwa Kiswahili, amebadilisha maneno tu, au amebadilisha pia namna ya kudhulumiwa.